Fundi Aliyesikiliza kwa Meno

Nianze na lile ambalo Kharumwa nzima ilichelewa kulijua: fundi wetu wa pikipiki alikuwa hasikii vizuri. Ukisimama mbele yake ukamwamkia, alikuitikia marahaba kama kawaida. Zilizomtoroka ni zile sauti ndogondogo za ndani ya injini, ambazo ndizo zinazompa fundi ugali wake. Zilimtoroka moja moja kwa miaka, naye akaficha. Mimi nilijua mapema, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamponza mtu mwingine, kisha kukakaribia kuumaliza ufundi wa yule mzee. Bora niseme mwenyewe kabla hawajasema wenye midomo yao kule mnadani.

Usiniulize alizaliwa wapi wala wa ukoo gani, sikuwahi kumchunguza. Jina lake nalijua, ila halinikai mdomoni. Mjini kulikuwa na mafundi wengine watatu, nao waliitwa kwa majina yao au ya watoto wao. Ukisema Fundi, ukakomea hapo, kila mtu alijua unamtaja nani: mzee mrefu, ovaroli ambalo zamani lilikuwa la bluu, na bisibisi moja refu mfukoni ambalo hakumwazima mtu yeyote, hata awe mgonjwa mahututi.

Nilifika kwake kwa kusukuma. Baba Kulwa, mume wangu, alikwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu kwa wiki mbili, na mpaka leo naona wiki hizo hazijaisha. Aliniachia mapacha, Kulwa na Doto, na pikipiki iliyokuwa ikifuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikasema basi, hiyohiyo. Nitaipanda mwenyewe, nifunge furushi la mitumba nyuma, nizunguke minadani. Wakati ule mwanamke kuendesha pikipiki kwetu kilikuwa kioja. Mafundi wawili niliowapitia waliniuliza mwenye pikipiki yuko wapi. Fundi hakuuliza hivyo. Aliniangalia usoni, akasema, "Imba."

"Niimbe nini, Fundi?"

"Kabla haijazima ilikuwa inaliaje? Niimbie."

Nikaona huyu mzee ananifanyia masihara. Lakini alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wangu na wala hacheki. Nikaanza kwa aibu, trrr-ka-ka, trrr-ka-ka, na wanaume wa kijiwe cha bodaboda jirani wakaangua kicheko. Yeye akaninyooshea kidole niendelee. Nilipomaliza alisema, "Ringi zimekwisha, na bloku imekwanguka. Tunaishusha injini, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu, na ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo, ingawa ana umri wa kunizaa.

Kila mteja aliimbishwa. Nimeona askari mwenye nyota begani akisimama kwenye lile banda la mabati akilia ng'wii-pa, ng'wii-pa kama mtoto mwenye gari la kopo. Nimemwona padri. Watu waliona ni vituko vya Fundi, wakavipenda, na wengine walikuja na pancha tu lakini wakataka waimbishwe.

Kituko cha pili kilikuwa lile bisibisi. Mafundi wote husikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Fundi mpini aliuweka kwenye meno. Aliung'ata, akafumba macho, akagusa hapa, akagusa pale, mate yakimtoka kidogo pembeni. "Fundi anaila injini," walisema pale kijiweni. Yeye aliwajibu kwamba sikio lina upepo na kelele za watu, jino lina chuma tu. Tukaona ni busara, tukamwacha.

Siku ya kushusha injini alitandika shuka jeupe chini, na kukanyaga shuka lile ilikuwa kosa la kufukuzwa. Kila boliti ilikaa kwenye mstari kwa jinsi ilivyotoka. Bloku alituma Shinyanga ikachongwe, iliporudi na pistoni mpya aliosha kila kitu kwa petroli, akapaka oili kwa vidole kuta za silinda, taratibu, huku akizungumza nayo kwa Kisukuma. Ringi alizivisha kwa mikono mitupu. "Midomo ya ringi isitazamane," aliniambia akinionyesha ule mwanya mdogo kwenye kila ringi. "Ikitazamana, moshi unapita hapo kwa hapo." Mtu huyu alikuwa mkali kwa watu mpaka unamwonea aibu, lakini gasketi aliishika kama anashika kidonda cha mtoto.

Halafu kulikuwa na kulea. Hapo ndipo alipogombana na nusu ya wilaya. Injini ikitoka kufungwa upya, alisema, ni mzazi. Pistoni na bloku havijazoeana, ukivilazimisha vitakwanguana na kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo siku arobaini, spidi isizidi arobaini. Usibebe mzigo. Usipakie mtu. Usiende mwendo mmoja muda wote, panda kidogo, shuka kidogo, injini ijifunze. Na usiipigie resi ikiwa imesimama, hiyo alisema ni sawa na kumpiga kofi aliyelala.

Mwambie hayo mwenye bodaboda anayelisha watu sita. Mimi mwenyewe nililia. Siku arobaini nilikwenda mnadani na nguo nilizoweza kuzibeba kwenye mkoba, blauzi tisa na suruali nne, huku wenzangu wakimwaga marobota. Lakini nilitii, kwa sababu Fundi alikuwa na namna yake ya kujua. Oili ya kwanza ya kulea haikumwagwa hovyo. Aliikinga kwenye karai, akaliinamisha juani, akalizungusha pole pole, vilevile wanavyozungusha wachimbaji wanapotafuta dhahabu kwenye mchanga. Tofauti ni kwamba wao wakiona kinachong'aa wanashangilia. Fundi akiona kinachong'aa alikutazama mpaka unakiri. Chembe za chuma kwenye oili zilimwambia ulibeba nini, wapi, na karibu nakwambia saa ngapi.

Abiria mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kipindi cha kulea, naye ni Fundi mwenyewe. Safari ya kwanza alipanda nyuma yako, akavua kandambili, akaweka nyayo tupu kwenye vikanyagio, mkaenda mpaka darajani na kurudi. Hasemi neno. Mkirudi anashuka, anakwambia kaza hiki, legeza kile. Tuliamini mzee ana mashetani ya injini.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Baiskeli yake mwenyewe haikuwa na breki hata moja, alisimama kwa kuburuza kiatu. Aliwakataza watu kelele bandani, na redio yake ilisikika mpaka sokoni. Kanisani aliimba kwa nguvu zote nyuma ya kwaya, hatua moja kando ya wimbo, na mwalimu wa kwaya alishamhamisha viti mara tatu. Aliwatukana wanaume wazima kwa kuchanganya oili, halafu ukiondoka unakuta ameshakukazia taa iliyokuwa inacheza, bila kukwambia. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kama baba, na baba nilikuwa naye.

Nilijua siri yake asubuhi moja aliposahau kuwasha redio. Niliingia bandani kwa nyuma, nikamwamkia. Kimya. Nikamwamkia tena. Alikuwa amechuchumaa, kiganja kimelala kwenye injini iliyokuwa ikiunguruma kwa utulivu kabisa, na mimi niko hatua mbili. Mara ya tatu nilipaza sauti. Hakugeuka mpaka kivuli changu kilipomfikia, akashtuka, spana ikaanguka. Tukatazamana. Vituko vyote vikajipanga kichwani mwangu kama zile boliti kwenye shuka: kuimbishwa, meno, nyayo tupu.

"Tangu lini, Fundi?"

Aliangalia barabarani kwanza. "Niliendesha karasha Nyarugusu miaka tisa," akasema. "Ile mashine ya kusaga mawe. Mchana naiendesha, na malazi yangu yako ubavuni kwake. Sikujua inakula nini." Akaokota spana. "Mayu, hili ni langu na lako. Wakijua, hakuna atakayeniletea injini. Na mimi bila injini ni mzee tu anayekaa kwenye mabati."

Nikamwahidi. Nani asingeahidi?

Sasa nifike kwa Baba Shija. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mpole, alibeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kuyapeleka karashani. Fundi alimfungia injini upya, na siku ya kuichukua nilikuwepo, nangoja cheni yangu. Pikipiki iliwashwa. Fundi akang'ata bisibisi, akagusa juu, akagusa kati, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi. Arobaini kwa arobaini, Baba Shija."

Mimi nikasikia kitu. Chini kabisa, kizito, dung', dung', kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Ulikuwa mkono wa chuma ule unaoisukuma pistoni, umechoka kwenye maungio yake. Baba Shija hakusikia, alikuwa anafurahi na kuaga watu. Fundi hakusikia, ncha yake haikufika chini, na masikio yake sasa mnayajua. Nikafungua mdomo. Halafu nikajiuliza, mimi muuza mitumba nimfundishe Fundi injini mbele ya kijiwe kizima? Na nikisema, si ndiyo nimemvua nguo? Nikaufunga. Kwetu mtu mzima hakosolewi hadharani, na mimi niliipamba hofu yangu kwa jina la heshima.

Siku ya kumi na mbili injini ilijikaba barabarani. Baba Shija aliruka, akaangukia bega, likateguka. Mungu alimhurumia, mchanga ulikuwa laini. Fundi aliifungua injini mbele ya watu, akautoa ule mkono vipande viwili, akamtazama yule mtu na bega lake lililofungwa kitenge. "Ulibeba," akasema.

"Sikubeba, Fundi. Naapa kwa wanangu."

"Ulibeba."

Nani angemwamini Baba Shija, wakati kila mtu alijua karibu wote huibia siku moja mbili za kulea? Kijiweni wakambatiza jina, Kiroba. Watoto wakamwita Kiroba. Mke wake aliulizwa kisimani kama mumewe ameshajifunza kulea. Mtu ameumia, amekosa kazi, na bado anaitwa mwongo. Nilivumilia wiki tatu. Chakula kilinishinda. Siku moja nikaenda bandani, nikaizima redio, nikakaa mbele ya Fundi ili anione mdomo.

"Fundi, ile ya Baba Shija siku uliyomkabidhi ilikuwa inalia hivi." Nikaimba. Dung', dung'.

Aliuliza, "Siku ileile?"

"Siku ileile. Mimi niliisikia."

Alilitoa bisibisi, akaanza kulifuta kwa kitambaa, akalifuta mpaka nikaona halina cha kufutwa. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Basi umeivunja leo," akasema, "pamoja na bega la mtu."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Kesho yake alikwenda kijiweni kwa miguu, akavua kofia, akasema mbele ya wote kwamba Baba Shija hakubeba kitu, aliyekosea ni yeye, masikio yake yalibaki Nyarugusu. Jina langu hakulitaja. Kisha akamsukumia Baba Shija ile pikipiki mpaka kwa fundi mwingine, mzee yule, kwenye jua, na akasimama pembeni mpaka kazi ikaisha.

Baada ya hapo akaacha injini. Bisibisi lilitundikwa msumarini. Shuka jeupe likawa pazia. Alibaki kuziba pancha na kukaza cheni, na kila aliyepita akamwamkia kwa kupaza sauti kama anaita ng'ombe, kwa nia njema, nayo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Nikimpelekea uji anashukuru, wabeja, mayu, basi. Aliyekuwa akigombana na nusu ya wilaya sasa hagombani na mtu. Niliona nimemzika mzima, mara ya kwanza kwa kunyamaza na mara ya pili kwa kusema.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga, pikipiki yangu ikaanza tena moshi. Mjini sasa kuna mafundi wazuri, wana vifaa vya kisasa. Nikawapita wote nikisukuma.

"Mimi siku hizi ni wa pancha," Fundi alisema kabla sijaegesha.

Nilisimama mbele yake, nikaimba. Trrr-ka-ka, trrr-ka-ka, sauti ileile ya mwanzo, na kijiwe jirani wakacheka kama siku ile. Macho yake yalibaki kwenye mdomo wangu. Alijizuia, nikaona anavyojizuia, halafu ikamtoka: "Ringi."

"Haya, ishushe."

"Na masikio?"

"Masikio nitaleta mimi."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akaling'oa lile pazia, akalikung'uta.

Kazi ilichukua siku nne. Nilikaa pale kila siku, nikimwambia kila nilichosikia, mpaka mlio wa boliti inapokaza. Siku ya kurudisha bloku alikuja Baba Shija, hakuitwa na mtu, akaishika kwa ule mkono wenye bega lililopona wakati Fundi anaingiza ringi. Hawakuzungumza habari za zamani. Baba Shija alisema tu, "Midomo isitazamane, Fundi," na Fundi akamwambia asimfundishe kazi. Nilimsikia akifoka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikafurahi.

Safari ya kwanza kijiwe kizima kilisimama kutuangalia. Fundi akalitoa bisibisi msumarini, akalitia mfukoni, akapanda nyuma, akavua kandambili. Tulipotoka mjini, mshale wa spidi ukiwa kwenye arobaini, akanigusa bega. "Samahani, mayu. Mdomo wako siuoni. Niweke mkono mgongoni?"

"Weka, Fundi."

Akaweka kiganja katikati ya mgongo, pale anapolala mtoto wa kubebwa. "Imba inavyolia."

Nikaimba. Du-du-du-du, na sauti yangu ikamwingia kwa mkono. Nilimsikia akicheka nyuma yangu. Tukapita mashamba ya pamba, tukapita watoto wenye ng'ombe, mwanamke mzima naimba kama injini na mzee ananishika mgongo. Nilikuwa na raha.

Karibu na daraja nikaisikia. Tik. Juu, nyembamba, katikati ya mlio mzuri. Tik. Nikatumaini nimekosea. Tik. Nikamfikiria jinsi alivyolikung'uta shuka. Nikafikiria wale waliosimama kutuangalia, na msumari pale ukutani. Ilikuwa rahisi mno kuendelea na du-du-du, mkono wake usingejua. Nikamkumbuka Baba Shija na kitenge begani.

"Du-du-tik-du," nikaimba. "Du-du-tik-du."

Kiganja kikatulia. "Rudia."

Nikarudia, na machozi yananitoka kwa upepo na kwa mengine.

"Simama," akasema.

Tukaegesha kando ya daraja. Nilidhani atasema turudi, pancha zinamngoja. Alizunguka injini mara moja, akakaa chini kwenye majani. "Valvu. Imelegea unywele mmoja tu. Haipimwi ikiwa ya moto, tungoje ipoe. Una chochote cha kutafuna?"

Nilikuwa na michembe, viazi vikavu, kwenye mkoba. Tukatafuna tukingoja chuma kipoe. Alinisimulia habari za Nyarugusu, mengine ya kuchekesha, mengine sitayaandika. Injini ilipopoa alifungua kifuniko, akapima kwa kile kibati chembamba, akalegeza, akakaza, mimi nikashika spana alipotaka nishike. Nikapiga kiki. Ikawaka.

Akalitoa bisibisi mfukoni. Nikangoja aling'ate. Akalifuta mpini kwenye ovaroli, pande zote, akanipa.

"Ng'ata wewe."

Sijui kama wasomaji wangu mnaelewa. Lile bisibisi hakuligusa mtu. Niliupokea mpini kwa meno, nikaweka ncha kwenye chuma, na injini yote ikaingia kichwani mwangu, safi, kila kitu mahali pake, kama naishi ndani yake. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akisikia miaka yote. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Nikalitoa bisibisi, nikaimba. Du-du-du-du-du. Nikaimba mara mbili ili asiwe na shaka. Hakukuwa na tik.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamrudishia bisibisi lake, hakulipokea. Akavua kandambili, akapanda nyuma, kiganja mgongoni.

"Twende, mayu," akasema. "Arobaini. Na usiache kuimba."

Sikuacha mpaka Kharumwa.